Filamu za ubaguzi wa rangi: tuangalie kamera imesimama upande wa nani (uzi mrefu)

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, yuko kidato cha tano, aliniomba nimjazie kwenye flashi filamu zinazozungumzia ubaguzi wa rangi. Walikuwa wamepewa kazi ya mjadala shuleni. Nikamwekea kama kumi hivi nikajua yameisha. Jumapili karudi na swali: "Kaka, mbona nyingi ya hizi anayeteswa ni mweusi lakini steringi ni mzungu?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimezirudia filamu zenyewe usiku baada ya kazi, moja baada ya nyingine, na leo naleta uzi nikiwa na msimamo. Filamu ya ubaguzi usiipime kwa machozi iliyokutoa. Angalia kamera imesimama upande wa nani. Nani tunaingia naye chumbani akiwa peke yake? Mawazo ya nani tunayasikia? Na nani anabaki kuonekana kwa mbali, kama kielelezo kwenye kesi ya mtu mwingine?

Tahadhari: nitasimulia mpaka miisho. Ambaye hajaziona na anataka kuzifaidi, akaziangalie kwanza.

Swali la mdogo wangu linajibiwa vizuri na Cry Freedom ya mwaka 1987. Denzel Washington kacheza Steve Biko, mwanaharakati mweusi wa Afrika Kusini aliyepinga utawala wa makaburu, na kacheza mpaka unasahau kwamba ni Denzel. Lakini angalieni saa. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, Biko anakufa ikiwa katikati, na kipande kikubwa kinachobaki ni mhariri mzungu Donald Woods na familia yake wakitafuta njia ya kutorokea Lesotho. Simlaumu Woods, alihatarisha maisha yake kweli, na vitabu vyake ndivyo vilivyotumika kutengeneza filamu. Ila mtu aliyekufa ni Biko, na roho inatudunda kwa ajili ya mwingine.

Mississippi Burning ya 1988 ndiyo imenikera zaidi. Juni 1964 vijana watatu wanaharakati, mweusi mmoja na wazungu wawili, waliuawa Mississippi kwa sababu ya kuwasaidia weusi wajiandikishe kupiga kura. Filamu inawapa ushujaa wapelelezi wawili wa FBI, wote wazungu. Weusi wa mji ule wanaonyeshwa wamenyamaza, wanaogopa, nyumba zao zinachomwa, wanaimba makanisani. Wakati ukweli ni kwamba wao ndio waliokuwa wamejipanga miaka yote ile, nyumba kwa nyumba, kabla ya FBI kufika.

Na kamera ikisimama upande mbaya kabisa, inaua. Mwaka 1915 ilitoka The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, zaidi ya saa tatu, ufundi wa hali ya juu kwa wakati ule. Wahusika weusi wabaya wamechezwa na wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni, na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowaua na kuwatisha weusi, ndio wakombozi wanaokuja na farasi. Ilionyeshwa Ikulu ya Marekani kwa Rais Woodrow Wilson. Klan lilikuwa limekufa tangu miaka ya 1870. Mwaka huohuo wa 1915 likafufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia, na kwa miaka mingi filamu hii ikatumika kuvuta wanachama. Msiniambie sinema ni burudani tu.

Aliyejibu ni Oscar Micheaux, mweusi aliyekuwa akijitafutia pesa mwenyewe na kuzungusha filamu zake mwenyewe. Within Our Gates ni ya 1920, haina sauti. Kuna kipande mzungu anamvamia dada mmoja mweusi, Sylvia, anataka kumbaka. Nguo inachanika, anaona kovu kifuani, anaganda. Kovu lile analijua. Huyu ni binti yake wa kumzaa. Griffith alikuwa amewajaza watu hofu kwamba mweusi ndiye anayevizia binti za wazungu. Micheaux hakubishana naye kwa maneno, alionyesha kovu. Filamu hiyo ilipotea miongo mingi, nakala moja ikaja kupatikana Uhispania. Leo ipo bure kabisa mtandaoni.

Sasa niwaletee ile ninayoipenda kuliko zote.

In the Heat of the Night, 1967. Sidney Poitier ni Virgil Tibbs, mpelelezi wa mauaji kutoka Philadelphia, anasubiri treni usiku kwenye kituo cha mji mdogo wa Mississippi. Tajiri mmoja kauawa. Askari anamkuta mweusi amekaa kituoni, ana pesa kwenye pochi, basi, muuaji kapatikana. Mkuu wa polisi, Gillespie, anataka kujua pesa kazitoa wapi. Anapoambiwa ni mshahara wa upelelezi, dola 162 na senti 39 kwa wiki, mtazameni uso. Kosa la Tibbs kwa Gillespie linabadilika palepale: si mwizi tena, ni mtu anayemzidi.

Kipande ninachowaomba mkirudie ni cha banda la maua. Tibbs na Gillespie wanakwenda kwa Endicott, tajiri wa mashamba ya pamba. Mzee yuko kwenye banda lake la vioo anatunza okidi, anaongea kwa upole, anamweleza Tibbs kwamba mweusi ni kama ua lile, anahitaji kulelewa. Kisha anang'amua kwamba hapa nahojiwa kama mtuhumiwa. Anamzaba Tibbs kofi. Tibbs anarudisha, hata pumzi haijapita katikati. Endicott anamgeukia Gillespie, umeona, utafanya nini? Gillespie anajibu kwamba hajui. Pembeni kasimama mtumishi mweusi wa nyumba ile, ana sinia mkononi. Macho yangu siku hizi hayamwachi yule mtumishi. Kofi limeisha, wageni wataondoka, yeye anabaki na tajiri wake mle bandani.

Poitier alikataa filamu kupigwa Mississippi, na alikuwa na sababu. Mwaka 1964 yeye na mwimbaji Harry Belafonte walipeleka fedha kwa wanaharakati wa mji wa Greenwood, hukohuko Mississippi, usiku wakafukuzwa na magari ya Klan. Kwa hiyo sehemu kubwa ilipigwa Illinois, kaskazini, na vile vipande vya mashamba ya pamba Tennessee kwa siku chache tu. Huko Tennessee alilala na bastola chini ya mto.

Kuna jambo la kamera yenyewe pia. Mpiga picha Haskell Wexler aliona kwamba taa zilivyozoeleka kupangwa studio zinaunguza uso wa Poitier, unang'aa na kupoteza umbo, kwa sababu zilipangwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Akazipunguza, akazipanga upya kwa ajili yake. Na si taa tu. Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaziita "Shirley". Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Wakuu, kila mmoja wetu anayo nyumbani ile picha ya darasa ya miaka ya themanini, shati jeupe linaonekana mpaka kifungo, uso ni giza na macho mawili. Nilikuwa nadhani mpiga picha wetu hakujua kazi.

Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora. Sherehe yenyewe ilisogezwa mbele siku mbili, mpaka tarehe 10 Aprili 1968, kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4. Rod Steiger aliyecheza Gillespie akachukua tuzo ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata kwenye orodha.

Karibuni tuongeze. Naomba tusileteane orodha tupu za majina, mtu aseme kipande gani kilimkamata na kwa nini.

Kambi_ya_Mazimbu

Mkuu Kibatari, umeruka Sarafina!, ile ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, na hiyo siikubali. Kwa kizazi chetu ndiyo iliyotufungua macho. Sisi tuliionyeshwa bwaloni siku ya mwisho wa muhula, televisheni moja, wanafunzi mia tatu. Nyimbo tulizishika siku hiyohiyo.

Na kwenye kipimo chako inapita bila shida. Sarafina ndiye anayesimulia, chumbani kwake anaongea na picha ya Mandela ukutani. Wazungu ndio wanaoonekana kwa mbali. Halafu haiwaoshi wanafunzi: yule askari mweusi, Sabela, wanamchoma moto, na Sarafina yumo. Filamu inamwacha abebe jambo hilo. Mama yake kachezwa na Miriam Makeba, huyuhuyu aliyetuimbia Malaika, na ni mtumishi wa ndani kwa wazungu. Makeba alionekana pia kwenye Come Back, Africa ya 1959, ambayo mwongozaji Lionel Rogosin aliipiga Johannesburg kwa kificho, akiwadanganya wenye serikali kwamba anatengeneza filamu ya muziki. Kati ya filamu hizo mbili ni miaka 33, na karibu yote hiyo mama wa watu hakuruhusiwa kurudi kwao.

Nimesoma SUA, kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu pale Morogoro. Mwaka wa kwanza nilikuwa napita kwenye yale majengo bila kujua chochote. Mpaka siku moja nikaingia makaburini. Ni vijana wa Afrika Kusini waliokuja baada ya Juni 16, 1976, wale waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, yaani watoto wa Sarafina wenyewe. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, lile eneo, wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Nilisimama pale nikasoma mawe, jina baada ya jina, majina ya Kizulu, ya Kisotho, kwenye udongo wa Morogoro. ANC walituachia majengo mwaka 1992. Sarafina! ilitoka mwaka huohuo wa 1992. Kila nikiiona naona yale mawe.

Kibatari

Mkuu, hapo umenizidi. Nimeishi Msamvu miaka minne na sijawahi kufika Mazimbu. Nitakwenda.

NyotaYaKisumu

Salamu kutoka Kisumu. Nimesoma uzi wote bila kuacha mstari, asanteni sana.

Sisi huku tulishangilia sana Lupita Nyong'o alipopata Oscar mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave. Ni mtoto wa nyumbani, tulilia kwa furaha. Lakini mimi filamu yenyewe nilikuwa sijaiona kwa sababu niliogopa. Niliiona mwaka jana. Watu wanazungumzia kuchapwa kwa Patsey, yule mtumwa aliyechezwa na Lupita, na kwa kweli kile kipande siwezi kukirudia. Lakini nataka mkumbuke alichapwa kwa nini: alitoka bila ruhusa kwenda kutafuta sabuni. Kipande kidogo cha sabuni, na anakishika mkononi akimwonyesha bwana wake. Anachuma pamba kuliko wanaume wote wa shamba lile na hana sabuni ya kuoga.

Ile ya Solomon Northup, mhusika mkuu wa filamu hiyo, kuning'inizwa mtini pia. Hakufa, vidole vya miguu vinagusa matope, vinateleza, anajisukuma juu apate hewa. Na mwongozaji Steve McQueen haondoi kamera. Inakaa hapo mpaka unataka kuinuka uizime. Nyuma yake watumwa wengine wanatoka vibandani, wanaendelea na kazi zao, watoto wanacheza. Si kwamba hawana roho. Wanajua atakayemgusa atakuwa wa pili.

Nikakumbuka Do the Right Thing ya Spike Lee, 1989, mtaa mmoja wa Brooklyn siku ya joto kali. Radio Raheem anakabwa shingo na polisi kwa rungu, na kamera inateremka kwenye miguu yake, viatu vinarusharusha hewani. Miguu tena. Mwaka 2014, mwaka uleule wa Oscar ya Lupita, Eric Garner akafa New York akikabwa shingo na askari. Filamu ilikuwa na miaka 25.

Na ugomvi wote mle ulianzia kwenye picha za ukutani. Duka la piza ni la Mwitaliano, Sal, wateja ni weusi, ukuta mzima ni picha za Waitaliano maarufu. Kijana mmoja anauliza tu, mbona hakuna ndugu zetu ukutani? Sal anamjibu kwamba duka ni langu, fungua lako uweke unaowataka. Nimewaza swali hili muda mrefu, na sijaona kwamba kijana alikosea kuuliza.

MtotoWaKisutu

Naomba nichangie na naomba mnivumilie, kwa sababu nitaugusa mji wetu.

Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Babu yangu alizaliwa Tanga, baba Dar, mimi Dar. Hizi filamu zote mlizotaja nimekuwa nikiziangalia nikiwa nimekaa upande wa wanaoonewa, natikisa kichwa, nawalaani wazungu. Mpaka nilipoangalia Mississippi Masala ya Mira Nair, 1991.

Inaanzia Kampala 1972. Idi Amin kawapa Waasia siku 90 waondoke. Jay ni mwanasheria, kazaliwa Uganda, anaipenda kuliko chochote. Rafiki yake wa tangu utotoni, Okelo, mweusi, ndiye anayemtoa mikononi mwa polisi na ndiye anayemwambia waziwazi kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Jay anavunjika moyo, anaondoka bila kumuaga. Miaka inapita, familia inaishi Greenwood, Mississippi (ndiyo, mkuu Kibatari, Greenwood ileile ya Poitier na magari ya Klan), kwenye moteli za Wahindi. Binti yao Mina anagonga gari la Demetrius, kijana mweusi mwenye kazi ya kusafisha mazulia, Denzel huyo tena. Wanapendana.

Sasa tazameni. Siku ya ajali, Wahindi wa pale wanaogopa kushtakiwa, wanamwambia Demetrius sisi watu wenye rangi inabidi tushikamane. Siku wanapojua analala na binti yao, wanamkatia kazi zote za moteli, benki inaanza kumdai gari. Mshikamano ulikuwa wa kuogopa kesi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kikombe cha bati, cha bluu, kimechubuka mdomoni. Kilikaa peke yake kwenye dirisha la jikoni, hakikuingia kabatini. Kilikuwa cha dada wa kazi. Siku moja nikiwa na miaka kama sita nilikuwa na kiu nikakinywea, bibi akanipokonya, akanisuuza mdomo bombani dada akiwa amesimama palepale. Dada hakusema kitu, akakichukua akakirudisha dirishani. Yule dada ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki ninachowaandikia. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii. Nimeiandika kwa sababu uzi unauliza kamera iko upande wa nani, na jikoni kwetu ilikuwa upande wetu siku zote.

Mutukula

Ndugu yangu wa Kisutu, nimekusoma na nakuheshimu kwa ulichosema. Hata kwenye nyumba nyingi za weusi wenzetu kikombe hicho kipo, tusijifiche.

Lakini filamu yenyewe naipinga kidogo, tena kwa kipimo cha mleta uzi. Okelo tunamwona dakika ngapi? Jay analilia nyumba yake ya Kampala filamu nzima, anaandikia serikali mpya barua akidai mali yake irudi. Mwisho anafika Uganda na anaambiwa Okelo alishakufa zamani. Basi. Mtu aliyemuokoa, kifo chake kinapita kwa sentensi. Sisi wa mpakani tunajua Waganda waliouawa zama zile walikuwa wengi mno, na karibu wote walikuwa weusi. Kufukuzwa kwa Waasia kulikuwa uonevu, nasema hivyo bila kumung'unya. Ila aliyebaki naye alionewa, na aliyebaki hana filamu hapo.

Kibatari

Mutukula, nakubaliana nawe juu ya Okelo. Ni pengo la kweli.

Ila niwaonyeshe kitu. Demetrius anapokwenda kumkabili Jay, anamwambia wewe na binti yako mmenizidi weupe kidogo tu, na anajigusa shavu. Shavu lake, mbele ya macho ya Jay. Mwishoni kabisa Jay yuko mtaani Kampala, watu wanacheza ngoma, kambeba mtoto mdogo mweusi asiyemjua. Mtoto ananyoosha mkono anampapasa shavu. Mtoto hajui huyu ni Mhindi, hajui 1972, anashika ngozi iliyo karibu. Kwangu Mira Nair alilijua deni lake kwa Okelo na akajaribu kulilipa kwa mkono ule. Kama halikutosha, nakuelewa.

Kabla sijalala, kwa wapenzi wa filamu za kutisha: Get Out ya Jordan Peele, 2017, ya Chris, kijana mweusi anayekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Kuna jambo ambalo sisi tunaomiliki Kiswahili tumepewa na Wamarekani wengi hawana. Wimbo unaoingia mwanzoni, miti inapita dirishani, ni wa Kiswahili. Mtunzi ni Michael Abels na wimbo unaitwa "Sikiliza kwa Wahenga". Mimi ningeandika "wasikilize wahenga", lakini ujumbe umefika. Sauti zinamwonya kaka akimbie. Chris hajafika hata kwa wakwe, Marekani nzima inasikia sauti za kutisha tu, na wewe uliyekaa Tandale unasikia onyo neno kwa neno na huwezi kumfikishia. Niliposikia mara ya kwanza nilisimamisha filamu.

Na anajiokoaje? Wamemfunga kwenye kiti, sauti ya kijiko kwenye kikombe cha chai ndiyo inayomzimisha akili. Anakwangua kitambaa cha kiti kwa kucha, anachomoa pamba iliyomo ndani, anaziba masikio. Pamba ileile ambayo babu zake walichumishwa kwa viboko. Hakuna mtu anayetamka neno lolote kuihusu. Peele alipata Oscar ya skripti, mweusi wa kwanza kuichukua kwa skripti isiyotokana na kitabu.

BintiPwani

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo naandika. Nilifanya kazi za ndani Uarabuni miaka miwili na nusu. Naomba mnitajie filamu moja inayomhusu mtu kama mimi. Zote hizi ni Marekani, au vita, au polisi.

Kibatari

Dada, pole na karibu sana. Ipo, na nilikuwa naiwekea nafasi yake.

La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966. Ni fupi, kama saa moja, nyeusi na nyeupe. Diouana anachukuliwa Dakar na familia ya Kifaransa akidhani anakwenda Antibes kulea watoto kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Akifika, watoto hawapo. Kuna jiko, bafu na sakafu. Ufaransa anayoiona ni ya dirishani. Mdomo wake unasema "ndiyo mama, ndiyo bwana" tu, lakini mawazo yake tunayasikia mwanzo mpaka mwisho. Wanaomfanyisha kazi hawayasikii, sisi tunayasikia. Sembène alikitoa kisa kwenye habari fupi ya gazeti, ya msichana aliyejiua nyumbani kwa matajiri wake huko Ufaransa. Nakuonya mapema: mwisho ni huo. Kama moyo hauko tayari, iache kwanza, au usiiangalie peke yako.

Angalia kinyago. Diouana alikinunua kwa mtoto wa kwao akawapa matajiri kama zawadi, wakakitundika ukutani peke yake kwenye ukuta mweupe. Na angalia barua. Mama yake anatuma barua kutoka Dakar, Diouana hajui kusoma, bwana anamsomea. Halafu anachukua kalamu na karatasi anaanza kumwandikia majibu, anayatunga mwenyewe, hajambo, anaendelea vizuri, bila kumuuliza.

BintiPwani

Nimerudi. Niliiangalia jana usiku kwenye simu, mama akiwa pembeni yangu kitandani, namtafsiria kadiri ninavyosoma maandishi.

Ile ya barua ilibidi nisimamishe. Kule simu yangu ilikuwa inakaa kwa mama mwenye nyumba. Mama yangu akipiga, yule mama ndiye aliyepokea kwanza, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mzuri, anakula mzuri, analala mzuri." Halafu ndiyo napewa, na yeye kasimama hapo hapo. Nikasema nakula vizuri, nalala vizuri. Nilikuwa nalala kwenye stoo karibu na mashine ya kufulia. Na jina walilokuwa wananiita si langu, lilikuwa la dada aliyenitangulia, waliona uzito kujifunza jingine. Mama alikuwa hajui hata moja katika haya mpaka jana, filamu imesimama na yule bwana kashika kalamu.

Hakusema kitu kwa muda. Akaniambia washa.

Tukafika mwisho, yule bwana anarudi Dakar na kinyago na pesa za mshahara, mama wa Diouana anazikataa pesa. Yule mtoto anachukua kinyago anakivaa usoni, anamfuata nyuma, bwana anageuka, anakaza mwendo, mtoto yupo tu. Mama akaniuliza, "Mbona hamwambii kitu? Anamfuatia nini?" Nikamwambia sijui mama. Akasema rudisha nyuma kidogo, tumwangalie tena anavyotembea.